Soksi za Mihayo

Mtu hujikuna ajipatapo, wanasema.
Mimi najipata kote:
ndiyo taabu yangu.

Agosti, Sikonge. Upepo mkavu
umenipasua magoti kama lambo lililokauka.
Tyubu za dukani tumeshazimaliza;
Kalunde sasa ananikata kucha kwa wembe,
moja moja, akifoka nikitikisika.
Maji ya mtungi, yasiwe moto.
Kisha, kabla hayajakauka mwilini,
nta ya nyuki aliyoiyeyusha kwenye mafuta ya karanga.
Nanukia mzinga.

Kanga iliyoloweshwa mgongoni,
na mikononi soksi za shule za Mihayo,
moja imetoboka.

Usiku wa manane kidole cha shahada
kikapenya tundu, kikaanza kutafuta kiwiko cha pili.
Kalunde, macho kayafumba,
akakidaka.