Tarakimu ya Kumi na Sita

Kadi mpya ilifika Jumatano, ndani ya bahasha
yenye gundi kaidi, Bi Jadvyga akaipasua kwa meno.
Akaipitisha kidole. Akaigeuza. Akaipitisha tena.
"Mantvydas," akaniita toka ukumbini,
"benki wamenitumia kibao kitupu."

Hakikuwa kitupu. Ila namba zilikuwa zimelala,
wino tu juu ya plastiki, laini kama ganda la yai,
na macho yake yalizimika kabla mimi sijazaliwa.

Ile ya zamani ilikuwa na vinundu.
Aliisoma kama alivyosoma nyuzi za piano za watu,
miaka arobaini, nyumba hadi nyumba, kilimani hapa Kaunas.
"Dukani walikuwa na chuma cha kuteleza," alisema.
"Kadi chini, karatasi ya kaboni juu, kraa, kraa,
namba zinabaki kama nyayo kwenye theluji.
Ndiyo maana zilivimba.
Sasa mashine zina macho. Nimebaki mimi."

Nikavuta kigoda. Nikaanza na yasiyo siri:
jina lake kwa herufi kubwa, vikia vyake vyote vimenyolewa;
mwezi na mwaka wa kadi kufa
("Itanizika, au nitaizika?");
chipu, kiraka cha dhahabu, nikakiweka chini ya kidole chake,
hicho akakitambua: "Kama kovu la chanjo."
Na vijiwimbi vinne ubavuni. Nikamwambia
siku hizi huichomeki, unaikaribisha tu kwenye mashine.
"Basi hata mwizi atanibusu na kwenda zake."

Kisha safu yenyewe. Kumi na sita, nne nne.
"Ya kwanza ni ukoo, kampuni iliyoizaa.
Zinazofuata ni benki. Halafu ndiyo mimi.
Ya mwisho si mtu. Ya mwisho ni mlinzi."

Sikumwelewa. Nikasoma mbiombio,
Ugnė alikuwa ananingoja kituoni, na baridi ile.
Midomo ya Bi Jadvyga ikatembea bila sauti.
"Sitini na nane," akasema. "Rudia."

"Nimesoma sawasawa."

"Wewe umesoma. Hesabu imekataa."

Akanieleza huku akigonga meza kwa ukucha:
anza mkiani, mwache mlinzi, jirani yake mzidishe mara mbili,
ruka moja, zidisha moja, mpaka mwanzo;
ikizidi tisa, ng'oa tisa;
jumlisha zote, na mlinzi wao.
Jumla lazima iishie sifuri.
"Isipoishia sifuri, ama kadi ni ya bandia
ama kijana ana msichana anamngoja."

Nikarudia, kidole changu sasa kikiufuata wino.
Mwisho wa kundi la tatu: nane.
Nilikuwa nimesema sita.

"Sabini." Mabega yake yakashuka
kama yalivyoshuka, nadhani, kila uzi ulipokubali.

Nikaigeuza. Utepe mweusi wa sumaku,
ukanda mweupe wa saini, na tarakimu tatu.
"Nisome?"

Alikaa kimya. Birika likaanza na kuacha.
"Hizo tatu hazimo kwenye hesabu," akasema.
"Hazina mlinzi. Ukinidanganya sitajua
mpaka mashine inikatae mbele za watu.
Na ukizikariri, sitajua kamwe."

Sikupata la kuapa. Nilimsogelea sikioni
nikazinong'ona, moja, kisha moja, kisha moja,
polepole kuliko nilivyowahi kusoma chochote.

Hakujumlisha.
Akaitia kadi kwenye mfuko wa aproni, akaupapasa.
"Haya nenda, msichana wa watu asije akaota mizizi."

Kwenye ngazi zile tatu zilikuwa bado mdomoni,
zimepangana vizuri, kama meno.
Nikaanza kuhesabu vidato kwa sauti,
thelathini na saba, thelathini na nane,
ili zipotee.