Baadaye

Kompyuta ya chama chetu pale Mwaloni, Kirumba,
ilikuwa na kilima cha kijani kwenye kioo,
majani yasiyojua kiangazi.
Ikiwaka iliguna kama friza la sangara.
Nikaizoea.

Kila Jumatatu kijisanduku kilichomoza:
kusasisha sasa, au baadaye?
Nje vijana waliinua nyavu juani wakitafuta matundu,
mie ndani nabonyeza baadaye,
dagaa wanapimwa, foleni ndefu, baadaye.
Mwaka mmoja kikaacha kuuliza.
Nikadhani imepona.

Kumbe walioiunda walishaanua matanga,
hakuna tena wa kuiziba.

Magesa alileta flashi yenye bei za Musoma.
Usiku ule mlinzi Lushinge hakuonja lepe la usingizi,
kufuli lilikuwa zima, mbwa hakubweka.
Asubuhi kilima hakipo.
Weusi, saa inayohesabu kurudi nyuma,
na dai la fedha ambayo hapa hakuna aliyewahi kuishika.

Wakaja akina mama na risiti kwenye vifundo vya khanga,
zinanuka dagaa, nyingine zimelowa hadi tarakimu zimekimbia.
Bhoke: laki nne na ishirini.
Ng'walu: laki sita, akaapa kwa mwanawe.
Nikaandika kwa kalamu, mkono mzito.

Wa mwisho, Nyabise, hakuwa na karatasi.
"Andika unavyojua wewe, Nyanzobe," akasema,
"si wewe ndiye karani?"
Miaka tisa nimempokelea akiba yake.
Nikatazama kioo.