Kabla Hamjawasha Gari

Salha, livae koti hili hapa hapa, mbele ya feni,
jasho likutoke. Usicheke.
Nililinunua Kongowea kwenye marobota, shilingi mia nne,
muuzaji akaniuliza, "Mama, unakwenda kulala kwenye friza?"
Nikamwambia naam, friza lenye barabara.

Kaa nikwambie, maana mumeo ni mtu wa ramani,
na ramani haina pua wala vidole.

Petroli usingoje taa iwake.
Hapa ukiishiwa Mtwapa, kijana atakuletea kwa kidumu
na habari za mtaa juu yake.
Norwe, kati ya kituo na kituo kuna misonobari,
halafu misonobari,
halafu mtu mmoja na mbwa wake, wanakwenda zao.

Watoto soksi mbili, ya ndani pamba, ya nje sufu,
lakini kiatu kisibane: mguu uliobanwa ndio wa kwanza kufa ganzi.
Garini wavue makoti, mkanda haushiki vyema juu ya unene.
Na Famau akisema mkojo, simamisheni papo hapo.
Mimi nilimwambia Idarusi wangu, "Ngoja kidogo, baba,"
tukaja kumvua tabaka tano kandokando ya njia,
upepo unatutazama.

Mahamri usitie kwenye buti.
Nilitia. Yakawa kokoto.
Tukayapanga juu ya dashibodi, penye pumzi ya moto,
gari zima likanukia iliki, vioo vikatoa jasho,
na kwa dakika kumi hivi nilikuwa Kibokoni,
nangoja mtu abishe hodi.

Maji ya kuoshea kioo yawe yale ya buluu, ya dukani.
Ya bomba yataganda, mumeo aendeshe kama mwenye mtoto wa jicho.
Koleo. Blanketi. Mshumaa na kiberiti ndani ya kopo.
Chupa za chai mbili: moja yenu,
ya pili nitakueleza.

Saa tisa alasiri jua limeshajizamia, msiwatishe watoto.
Alasiri na Magharibi hukaribiana kama mapacha,
tazama simu, sali, dini ni nyepesi.
Kiza chenyewe hakinitishi.
Kilichonitisha ni zile taa za nyumba, mbali, moja moja,
ambazo wenyewe huwajui hata jina.

Na mnyama yule, mrefu, ngamia aliyenyimwa nundu akapewa pembe,
akisimama katikati msimpigie honi.
Ngojeni. Barabara ni yake, nyinyi ni wapita njia.

Haya, chupa ya pili.
Tuliteleza, Salha. Si ajali ya kusimulia:
gari liligeuka polepole, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani,
likaketi mtaroni.
Mimi na shemejiyo tulikuwa tumenuniana tangu asubuhi,
kisa ni kona moja tu, mimi nilisema kulia.
Basi hata "umeumia?" ilikuwa nzito kutamka.
Idarusi ndiye aliyeuliza, akatuuliza sote wawili.

Akaja mzee na trekta, ndevu zimeganda.
Hakusema neno. Akafunga mnyororo, akavuta, akakunja mnyororo.
Nikamtilia chai ya tangawizi.
Akanywa, akakohoa, machozi yakamtoka,
akanyosha kikombe tena.
Tukanywa naye, tumesimama, kikombe kimoja watu wanne,
na shemejiyo akanishika mkono ndani ya mfuko wangu
pasipo kuomba radhi, nami sikumdai.
Hiyo ndiyo chupa ya pili. Tia tangawizi nyingi,
na usiinywe kabla hamjakwama.

Ala, stima imekatika.
Livue basi, umelowa chapachapa.
Lakini mfuko wa kushoto usiukung'ute:
mna kipande cha kashata, kimekwenda kimerudi.
Kigumu, hakiliki.
Kiacheni.