Pipa Jekundu

Desemba tuliliweka juu ya barafu,
pipa jekundu, tupu, limefungiwa kamba ya saa:
likizama kamba huchomoka, saa ikasimama,
nasi tukajua dakika tuliyorudishiwa ziwa.
Kila mwanachama euro mbili, tarehe na saa yake.
Mimi ndiye mweka hazina. Daftari hulala kwangu.

Usidhani hapa Kallavesi majira ya kuchipua huja na maua.
Huja na sauti. Usiku barafu inakoroma,
asubuhi ni ya kijivu, kesho yake nyeusi,
kisha hakuna athubutuye kuikanyaga
ila mbwa wa Hilkka,
naye alirudi na miguu mibichi na haya usoni.

Jumamosi ya msaragambo, maturubai yakafunguliwa.
Ndani ya mashua ya Urpo panya wamezaa
katika jaketi la kuokolea.
"Nao walipe ada," akasema Urpo,
ambaye ya kwake naidai tangu mwaka juzi.
Msasa ukapita chini ya mikuku, vumbi la buluu
likatuingia puani, tukapiga chafya za rangi ya mbingu.
Watoto wa Lehtovaara walipewa kopo la grisi
na amri moja: msijipake.
Wakajipaka.
Seppo, maji kifuani, suruali ya mpira,
anaunga gati kipande kwa kipande
akiomba bolti kwa maneno nisiyoyaandika.

Saa sita, supu ya njegere, haradali pembeni,
na siasa: nani kasogezwa karibu na matete,
nani atangulie kwenye kreni.
Kreni ni moja, na dereva wake hulipwa kwa saa.

Mashua moja haikufunuliwa.
Taisto alikufa Februari, theluji ikiwa kiunoni.
Tuliipita kwa unyayo mwepesi
kama upitavyo mlango wa mgonjwa aliyepata usingizi.
Mjane wake, Aune, alileta mkate mweusi,
akaukata vipande vinene,
upande ule hakuutazama.

Pipa likazama Jumanne. Hakuna aliyeliona.
Saa ilisimama saa nne na dakika kumi na saba,
usiku, anga bado lina weupe wake.
Nikashusha kidole jina kwa jina:
Urpo kakosea siku tisa,
mchungaji kakosa kwa saa sita tu, maskini,
kisha mwandiko uliolalia kushoto, wino wa kijani:
Taisto. Tarehe nne Mei. Saa nne na robo usiku.

Dakika mbili.

Je, marehemu hushinda?
Katiba yetu ina kurasa kumi na nne,
inataja mbwa, inataja moshi wa makaa,
hili hailisemi.
Nikampigia Aune. Kimya. Nikasikia saa ya ukutani kwake.
Halafu akacheka. Jamani, alicheka!
"Hakuwa akikisia. Ni siku ya harusi yetu.
Kila mwaka aliandika hiyo hiyo,
miaka thelathini na moja ziwa likimla fedha."

Nilimpelekea bahasha, euro themanini na sita.
Alizihesabu mbele yangu, akanirudishia mbili.
"Za mwakani," akasema. "Tarehe unaijua."
Zilizobaki zikanunua rangi ya mkuku.

Kreni iliiinua ya kumi na tatu.
Ikaning'inia, ikidondosha mvua ya vuli iliyopita,
Seppo kamba ya nyuma, mimi ya mbele,
na badala ya hotuba sauti ya Urpo:
"Shusha. Kidogo. Kidogo tena."
Aune, ndani ya buti za Taisto zinazompwaya,
akapanda, akatazama juu mlingotini,
akauliza kamba ipi ni ya nini.
Tukamjibu watu sita kwa mpigo,
kila mtu akionyesha kamba yake.