Mistari ya Kahawia

Ofisini mwetu, orofa ya tatu, Nairobi,
milima huchorwa kwa wino wa kahawia,
mstari juu ya mstari, kila mmoja futi hamsini.
Ikibanana hadi kalamu ikakosa pa kupita,
ujue hapo mtu hupanda kwa magoti.

Leo nimepewa karatasi ya Ngong niisahihishe.
Kati ya kilele na kilele
kuna mwanya mwembamba kuliko ukucha wangu.
Ramani haina jina lake.
Nyumbani tunauita Kooni.

Hapo, enzi mji huu ulipokuwa maji baridi na nyati,
Parmuat alisimama na wenzake arobaini
ngao kwa ngao, wakaziba mwanya
kama kizibo cha kibuyu.
Watu wa msituni wakapanda na pinde,
mbele yao Thuita, mwenye kigugumizi,
aliyetoa amri kwa mluzi.

Siku ya kwanza ukungu ulipigana na wote.
Siku ya pili walijua majina ya adui zao,
kwa jinsi yalivyoitwa na waliokuwa wakifa.
Siku ya tatu mikuki ilikuwa imepinda,
mishale imekwisha. Wakarushiana mawe,
kisha matusi,
kisha kimya cha watu wenye kiu.

Mjomba husema tulishinda.
Hasemi sisi ni akina nani.
Shangazi hucheka hadi chai imwagike:
“Mlishinda nini? Upepo?”
Asemavyo yeye, asubuhi ya nne wanawake walipita
kama walivyopita kila siku ya soko, vita au amani,
hawa na maziwa, hawa na magimbi,
wakiinua mapindo ya ngozi wasiguse waliolala.
Hakuna aliyethubutu kuwazuia.

Mmoja wao alikuwa dada yake Parmuat.
Aliuza maziwa yote, hakurudi na kibuyu.
Mwaka uliofuata, kwa Thuita,
alizaliwa msichana, akaitwa Nyokabi,
wa kutoka kwa Wamaasai,
ndiyo jina la bibi yangu, na la binti yangu
aliyeniomba asubuhi hii pesa za kalamu za rangi.

Agizo limeandikwa pembeni kwa penseli:
mpaka upite katikati ya mwanya, wino mwekundu.
Nimeinua kalamu mara mbili.
Mkuu wangu anapita, anauliza mbona sijamaliza.
Hapa mistari imebanana, mzee, namwambia.
Nachelea wino utafurika.