Digrii Kumi na Sita

Saa tisa za usiku, Ibra yote imelala
isipokuwa mimi na kiyoyozi.
Ni Januari. Rimoti nimeibana kwapani kama kitoto,
kumi na sita, haishuki zaidi,
nimeibonyeza hadi kidole kimeniuma.
Nassor kajiviringisha blanketi la sufu,
soksi miguuni, kichwani kofia aliyonunua Jabal Akhdhar,
ametoa pua tu: "Ghaniya, nje baridi,
ndani umenitilia barafu, wataka mirathi?"
Simjibu. Moto umeshaanza kifuani,
unapanda shingo, unashika masikio,
kama mtu kanifunulia sufuria la wali usoni.
Kisha basi, umeondoka.
Nimelowa, na sasa mimi ndiye ninayetetemeka,
navuta ncha ya blanketi lake, naye ananyima.

Daktari ni binti wa Nizwa, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza,
kucha fupi, sauti ya taratibu.
Akatazama karatasi za damu, akalitaja kwa Kiarabu:
sinni l-yaasi.
Umri wa kukata tamaa.
Tamaa gani, daktari? Ya nini?
Juzi nimepaka jiko rangi ya manjano,
nina tikiti ya Salala mwezi wa saba,
na muuza halua bado anikopesha.
Akacheka, akaziba mdomo kwa karatasi zangu,
akaandika vidonge, na kutembea, na maziwa.

Kwa Kiswahili cha mama yangu ni kukoma.
Koma! alikuwa akinambia nikichezea kibiriti.
Ukome! Na mimi sikukoma.
Mwili ndio kwanza umesikia,
umechelewa miaka arobaini na mitano.
Ila neno hili ukilivuta kidogo mwishoni,
ukalipa pumzi moja ya ziada,
linakuwa kukomaa.
Sijui nani aliyaweka karibu hivyo.

Jumatano nikaenda soko la wanawake.
Wadha wa vitambaa anajipepea kwa kifuniko cha boksi,
wenzake wote wamejitanda shali.
Nikamtazama. Akanitazama.
"Na wewe?"
"Mwaka wa tatu," akasema, "na majina yananipotea,
jana nimemwita mume wangu kwa jina la mbuzi,
akaitika."
Tukacheka mpaka machozi,
halafu machozi yakaendelea peke yake kidogo.
Akanipunguzia nusu riali.

Ramadhani hii nimefunga thelathini kamili.
Sina deni la siku hata moja.
Zamani tulikuwa tukijifungia stoo, mimi na Ilham,
siku zetu zikigongana,
tukila mkate wa maji na chai iliyopoa,
baba yake akipita twanyamaza, vinywa vimejaa.
Mwaka huu nilimsikia humo anatafuna peke yake.
Nikasimama mlangoni na saumu yangu,
sikujua kama nimepewa au nimenyang'anywa.

Mama hakunambia kitu.
Nakumbuka tu, nina miaka kumi na mitatu,
naamka kunywa maji namkuta jikoni gizani,
mlango wa friji wazi, kichwa chote ndani,
nywele amezibwaga, kanga imemganda mgongoni.
"Mama, unatafuta nini?"
"Limau."
Kila usiku limau. Tukadhani anaiba halua.
Nyumba nzima tukamcheka,
naye akatuacha tucheke.

Usiku wa jana nami nilikuwa humo,
shavu kwenye chupa ya laban,
taa ya friji ikinimulika kama mwizi.
Nikasikia kandambili nyuma yangu.
"Mama, unatafuta nini?"
Limau zilikuwepo, tatu, mbele ya pua yangu,
na jibu lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, la kurithi.
Friji ikaanza kulia, piii, piii, ifungwe.
Sikuifunga.
"Vuta kiti, Ilham," nikasema.
"Kaa hapa penye baridi."