Kikulacho Tairi

Nimenunua matairi mawili ya nyuma mwaka huu,
yote magumu, kila moja kwa bei ya kondoo watatu,
na yote yalikufa kabla ya kilomita elfu sita
kati ya Gobernador Gregores na Bajo Caracoles,
huko changarawe ilikojikunja kama ubao wa kufulia
na upepo hukusukuma ubavuni tangu alfajiri
kama mtu anayekudai.

Kazi yangu ni kunoa.
Nazunguka mashamba na jiwe la umeme nyuma ya kiti,
kilo thelathini na mbili pamoja na mota yake,
nikinoa nyembe za mashine za kunyolea kondoo.
Kuisha kwa vitu ndiko kunakonilisha.
Nilidhani nakujua.

Zulema Antileo hakunisalimu mimi, aliisalimu pikipiki.
Akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya kashata
kutoka mbele kwenda nyuma: laini.
Akakirudisha: zikauma.
"Gusa."
Nikagusa. Msumeno.
Meno mafupi yaliyofuatana,
kila moja limesimama upande huu, limelala upande ule,
kama manyoya ya paka aliyepapaswa kinyume.

Akasimama, akakandamiza kiti kwa mikono miwili, akaachia.
Pikipiki ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka,
ikapanda tena kidogo,
kama mlevi anayetafuta neno.
"Ilitakiwa ipande mara moja, itulie," akasema.
"Shokomzoba imemwaga mafuta tangu lini?"

Sikujua.
Nani huikumbuka siku
kitu kilipoacha kumtetea?

"Basi kila jiwe gurudumu linaruka,
linatua, linakwaruza, linaruka.
Halibingiriki hili. Linapiga makofi njia nzima.
Na wewe unakwenda dukani kulaumu mpira."

Alibadilisha sili, akatia mafuta mapya, akakaza springi.
Akanikalisha juu na mzigo wangu wote,
jiwe, mota, birika, hadi mfuko wa majani ya mate,
akapima kwa utepe jinsi tunavyozama,
akakaza tena nusu mzunguko, akapima tena.
Hakuna aliyewahi kunipima hivyo
isipokuwa fundi wa suti ya harusi,
na suti ile haikunikaa.

Ukutani matairi yalining'inia kwenye misumari.
Mkono wangu ukaenda kwa gumu kuliko yote.
"Hilo litakuzika likiwa bado jipya.
Asubuhi ya barafu linageuka sabuni."
Akashusha jingine, akalizungusha, akasoma ubavuni
tarakimu nne: wiki, mwaka.
Akalirudisha. "Limezeekea msumarini.
Mpira huzeeka hata bila safari."
La tatu lilikuwa gumu katikati, laini mabegani,
kashata zake pana, mifereji yake ya wastani.
Halikuwa na sifa ya kumsimulia mtu.
Nililipa.

Njiani nikamkumbuka Baudilio, mnyoaji wa Las Mellizas,
aliyenitupia wembe mezani mwaka jana:
chuma chako kibovu, haumalizi kondoo arobaini.
Nilimjibu, nikicheka mbele ya wenzake:
si chuma, Baudilio, ni mkono wako. Unakandamiza mno.
Alininyamazia msimu mzima.
Sasa, kilomita ya themanini, changarawe ikipita chini
na kiti kikinibeba bila kunitupa,
nikaona aibu ndani ya kofia ya chuma
mahali asipoweza kuiona mtu.

Tairi limefika elfu kumi na moja.
Kila asubuhi, kabla maji ya mate hayajachemka,
napima upepo likiwa baridi,
kisha napitisha kiganja: mbele, nyuma.
Mbele, nyuma.
Leo kuna kitu. Kidogo sana. Labda ni vumbi.

Lile la zamani nililiacha Bajo Caracoles, nyuma ya pampu.
Mbwa wa pale amelifanya kitanda.
Hulala amejiviringisha ndani, mpira ukimkinga upepo,
na meno yote
yako nje.